Mtukufu Hakusema Starehe

Nchi yenyewe ni kisiwa kimoja, pamoja na vijisiwa vinne vya kuongezea hesabu, na wananchi wake wana bahati ambayo hukumbushwa kila wakisahau. Bahati ya kwanza ni pwani yao: mchanga mweupe kama unga wa mchele, maji ya rangi tatu, na minazi iliyoinama kana kwamba nayo inasalimia Serikali. Bahati ya pili ni kwamba pwani hiyo ina wizara yake kamili, Wizara ya Mandhari, yenye waziri, manaibu wawili, na Mkurugenzi wa Upeo wa Macho, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila asubuhi kwamba mbingu na bahari bado vinakutana pale vilipoagizwa. Hadi leo hajaripoti kasoro. Maji ya bomba hawana, lakini neema haziji zote kwa mpigo, na waziri aliwahi kuwaeleza kwa upole kwamba mtu anayetazama maji mengi namna ile kutwa nzima hana haki ya kulalamikia maji.

Kando ya mchanga huo palikuwa na mabanda kumi na tano ya chakula, yamepangana kutoka kwenye mikoko mpaka kwenye gati bovu. Usifikirie mikahawa yenye vitambaa mezani. Nguzo sita, makuti juu, mabenchi mawili, mafiga, sufuria, na mwenye banda akipepea moshi. Banda la nane lilikuwa la Bi Kazija, mjane wa makamo mwenye mkono mzito wa tui na ulimi usio na subira. Alipika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, pweza ambaye alimtwanga mwenyewe kila asubuhi mpaka akalainika. Wateja wake walikuwa wanawake wa mwani, waliotoka majini adhuhuri miguu imekauka chumvi, wakala matonge mawili kimya kabla ya kukumbuka kuwa wana midomo ya kusemea. Na alikuwepo Mzee Subeti, msuka makuti, ambaye aliyaezeka mabanda yote kumi na tano na akala katika hilo moja tu. Wenye mabanda mengine kumi na manne walijua maana yake, ila makuti yalikuwa mazuri, hivyo hawakumgombeza.

Sasa watu wa pwani ile wana ada moja ambayo lazima uijue. Mtu anayekula akimwona mwenzake anapita, humwambia, "Karibu." Anayepita hujibu, "Starehe," kisha huendelea na njia yake. Ndiyo basi. Anayekaribisha anajua mwenziwe hatakaa, na anayepita anajua sahani ile ni ya mtu mmoja. Kula kimya mtu akikupita ni utovu wa adabu wa kusimuliwa hata miaka kumi. Ama kukaa kweli, ukala kweli, hilo halikuwa na jina, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifanya.

Katika mwaka wa thelathini na moja wa uongozi wake, Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuja kuizindua mandhari. Wapo walionong'ona kwamba mandhari si ilikuwepo siku zote? Ilikuwepo, ndiyo, lakini kiholela, bila jiwe la msingi wala hotuba. Utepe wa hariri ukafungwa kutoka mnazi mmoja hadi mwingine mbele ya bahari, Mtukufu akaukata kwa mkasi wa dhahabu, na bahari ikawa rasmi. Mkurugenzi wa Upeo wa Macho alilia kwa furaha. Wananchi wakapiga makofi kwa dakika kumi na mbili, kama ilivyoandikwa kwenye ratiba.

Wakati wa kuondoka, gari la Mtukufu lilinasa mchangani. Vijana wa ulinzi walisukuma, wakachimba, wakalitukana kwa sauti ya chini, nalo halikutikisika. Ikabidi Mtukufu atembee hatua mia moja na ishirini hadi barabarani kwa miguu yake mwenyewe, ile ile aliyokuwa akiitumia kusimamia hotuba tu. Njia ikampitisha mbele ya banda la nane, ambako Mzee Subeti alikuwa ameinamia sahani yake. Yule mzee hakuinua kichwa. Aliona viatu vinapita, na mtu mwenye adabu haulizi viatu ni vya nani.

"Karibu," alisema, mdomo umejaa.

Banda zima likasubiri neno moja. Mtukufu akasimama. Lazima tumwelewe, maana tumefundishwa kumwelewa: kwa miaka thelathini na moja alipitishwa kila mahali ndani ya vioo vyeusi, na hakuwahi kupita kwa miguu mbele ya mtu anayekula. Akamtazama Mzee Subeti, akaitazama sahani, akasema, "Ahsante." Akakaa.

Waziri wa Mandhari, Mheshimiwa Ngwali, alikimbilia birika akanawa mikono kwa niaba yake. Mtukufu akala. Mzee Subeti akasogea kidogo, kisha akasogea tena, mpaka benchi likamwishia na akajikuta amesimama. Pweza wake alikwisha mbele ya macho yake, mkia kwa mkia, na wapiga picha wakaomba atabasamu. Mtukufu alipolamba kidole cha mwisho alitangaza kwamba huyu sasa ni pweza wa Taifa. Siku ile Mzee Subeti alirudi kwake na njaa, na wiki iliyofuata akaletewa picha.

Bi Kazija alidhani mambo yameishia hapo. Alicheka na wanawake wa mwani mpaka mbavu zikamuuma, akiigiza jinsi waziri alivyonawa. Kumbe Serikali haikuwa imecheka.

Siku ya tatu Mheshimiwa Ngwali alirudi na kipaza sauti, zulia, na tamko. Alipanda juu ya ndoo ya Bi Kazija, akasafisha koo.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna nchi zenye dhahabu, kuna nchi zenye mafuta. Sisi tuna mahali ambapo Mtukufu alisikia njaa. Na njaa ile, ndugu zangu, hakuisikia kwa ajili yake. Aliisikia kwa niaba yetu sote. Ndiyo maana tangu siku ile, kitakwimu, hakuna mwananchi mwenye njaa."

Wakapiga makofi. Wanawake wa mwani walikuwa hawajala tangu alfajiri, lakini takwimu ni takwimu.

Tangu hapo banda la nane likaitwa Mgahawa wa Kitaifa. Benchi alilokalia Mtukufu likazungushiwa kamba nyekundu. Bi Kazija akateuliwa kuwa Mpishi wa Taifa, cheo kikubwa, chenye aproni. Ilimpasa apike sufuria ya mchuzi wa pweza kila siku iendayo kwa Mungu, endapo Mtukufu atapita tena, na asimpakulie mtu mwingine yeyote, kwa kuwa chakula kile kilikwisha wekewa mwenyewe. Naye asipopita? Serikali haitupi chakula. Iliundwa Kamati ya Kuonja, watu kumi na mmoja kutoka wizarani, wenye jukumu la kuthibitisha kwamba mchuzi ni salama. Walikuja kila adhuhuri kwa basi dogo lenye bendera. Walikuwa makini mno kazini. Walionja mpaka wakafika chini ya sufuria, maana hatari, walieleza, mara nyingi hujificha kwenye ukoko.

Wakati kamati ikionja, wanawake wa mwani walipita nje ya kamba na mihogo yao iliyopoa, wameifunga ndani ya kanga, wakitafuta kivuli cha kukaa. Kamati haikuwakaribisha. Ililaza vichwa juu ya sahani, ikawageuzia migongo, ikatafuna. Na wale wanawake, kwa ubishi wao, wakipita walijibu hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, ijapokuwa hakuna aliyewaambia kitu: "Starehe." "Starehe." "Starehe." Wanakamati wakajifanya wanatazama bahari.

Hilo lilimuuma Bi Kazija. Aproni aliweza kuivumilia, hata kutozwa ada ya kuvaa aproni. Lakini kumpikia mtu asiyekuja, kisha kuwatazama waliokuja wakipita na njaa mbele ya sufuria yake, kulimfanya alie akikuna nazi, na akiulizwa anasingizia moshi. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwalisha watu wale. Alijua nani hapendi pilipili na nani huficha tonge la kumpelekea mama yake.

Kisha ikaja Sheria ya Makaribisho. Ilibandikwa kwenye nguzo juu ya mafiga yake, kwa hiyo Bi Kazija aliisoma kila siku kwa kukosa kingine cha kusoma. Nayo ilikuwa fupi: "Mtu yeyote akikaribishwa chakula katika pwani hii, naye akakaa na akala, mahali hapo alipokaa hataondolewa na mamlaka yoyote, wala mahali hapo hapatageuzwa kuwa kitu kingine, bali pataendelea kuwa pa kulia chakula daima."

Kila mtu alijua imeandikwa kumlinda nani. Lakini katika nchi ile jina la Mtukufu haliandikwi ndani ya sheria. Sheria hufutwa, huchapwa vibaya, hufungiwa karanga, na jina lile halistahili masaibu hayo. Tangu zamani, kwa hiyo, kila sheria inayomhusu yeye husema "mtu yeyote", na mahakama hujua kinachotakiwa. Na wametia "pwani hii" yote, si banda la nane peke yake, ili Mtukufu asibanwe siku akisikia njaa mbele ya banda la tisa.

Mwezi mmoja kabla ya kutimia mwaka tangu Mtukufu ale pale, Mheshimiwa Ngwali alikuja na ramani. Baada ya sherehe za kumbukumbu, alieleza, mabanda yale kumi na manne yatahamishiwa nyuma ya Kilima cha Popo, kwenye Kituo cha Kisasa cha Vyakula, kwa kuwa moshi wao unaingia katika mandhari bila kibali. Huko nyuma ya kilima bahari haionekani, barabara haifiki, na wateja waliopo ni popo. Ama banda la nane, litawekewa vioo pande zote na kuwa makumbusho. Bi Kazija ataruhusiwa kuja kulitazama sikukuu.

"Na nitapikia wapi?" aliuliza.

"Mama, wewe umekwisha pika," Mheshimiwa Ngwali alimjibu kwa huruma. "Sasa wewe ni historia."

Wiki ya sherehe mazoezi yalifanyika siku tatu mfululizo. Wataalamu wa wizara walikuwa wamegundua kwamba ili Mtukufu apendwe zaidi ni lazima aonekane ana ada za watu wake. Atakaa kwenye benchi lile lile, atakula mchuzi ule ule, na wananchi arubaini watapita mbele yake kwa mstari. Naye atawaambia, "Karibu." Nao watajibu, "Starehe," kwa sura ya mtu aliyeshiba, na kupita. Vipaza sauti vilifungwa katika mabanda yote kumi na tano ili neno lile tukufu liifikie pwani nzima. Mabanda yote yaliamriwa yapike, yapange sahani zilizojaa, zionekane kwenye picha, na zisiguswe. Katika mazoezi Mheshimiwa Ngwali mwenyewe alikaa mahali pa Mtukufu. Mzee Subeti aliwekwa wa kwanza kwenye mstari kwa sababu ya picha yake, na mara nne alirudishwa nyuma kwa kuonekana na njaa kupita kiasi.

Siku ya pili ya mazoezi aliitwa kuziba tundu kwenye paa la banda la nane. Bi Kazija alimshikia ngazi.

"Mzee Subeti," alimwuliza, "siku ile ulimkaribisha ukitaka akae?"

"Nitake nini, Bi Kazija? Mie niliona viatu." Akachomeka kuti. "Mpaka leo yule pweza namwota."

"Kesho kutwa atakukaribisha yeye. Shuka usome karatasi hii."

Akashuka. Akasoma midomo ikicheza, akarudia tena tangu mwanzo, kidole kikifuata mstari.

"Hapa wameandika mtu yeyote."

"Wameandika."

"Kwani mie ni mtu yeyote?"

"Hujawahi kuwa zaidi ya hapo, mzee wangu."

Hakucheka. Alimwuliza kama anajua wanaokosea mbele ya Mtukufu hupelekwa wapi. Bi Kazija alijua. Hupelekwa kijisiwa cha nne, ambacho hakina mandhari na hakina boti ya kurudi. Alisema naye anaogopa, tena anaogopa sana. Lakini nyuma ya kilima ni kifo kile kile, ila cha polepole, na bila bahari. Mzee Subeti akapanda tena ngazi akamaliza paa, na kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko alivyoagizwa.

Habari ilisambazwa na wanawake wa mwani, wakiwa wamesimama ndani ya maji hadi kiunoni, mahali ambapo masikio ya wizara hayafiki kwa kuhofia kulowesha viatu. Ilikwenda kutoka kamba hadi kamba ya mwani, kisha banda hadi banda. Hakuna aliyeandika kitu. Kila mtu aliambiwa jambo moja tu: likija neno, usijibu tulilofundishwa.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na mandhari ilikuwepo kikamilifu, kwa mujibu wa ripoti ya asubuhi. Mtukufu alifika, safari hii kwenye mbao zilizotandikwa mchangani. Akakaa ndani ya kamba nyekundu. Akanawishwa. Bi Kazija akaweka sahani mbele yake, wali na pweza, kisha akarudi kwenye mafiga akashika mwiko. Kamera za televisheni ya Taifa zikawaka. Mstari ukaanza kutembea.

Mtukufu akachungulia kikaratasi kilichokuwa kiganjani.

"Karibu," alisema.

Vipaza sauti kumi na tano vikalirudia kutoka mikoko hadi gati.

Mzee Subeti akasimama. Wananchi thelathini na tisa wakasimama nyuma yake. Bi Kazija akaona yule mzee anaitazama njia ya kupitia, akajua amekwisha, atasema starehe, na yeye hatamlaumu.

"Ahsante," alisema Mzee Subeti.

Akainua kamba nyekundu, akakaa. Bi Kazija alikuwa tayari na birika. Alimmiminia maji mikononi, akamwaga nusu yake juu ya zulia la Serikali. Mzee akakunja mkono wa kanzu, akamega tonge kwenye sahani ya Mtukufu, akaanza na mkia mnene.

Nyuma yake akakaa mwanamke wa mwani, kisha wa pili. Benchi la pili likajaa. Na kutoka pande zote mbili za pwani zikasikika mbao za mabenchi zikilia, maana neno lilikuwa limefika kila banda kama wizara ilivyotaka, na kila banda lilikuwa na sahani zilizojaa na watu waliokaribishwa. Wachuuzi, wapasua kokoto, walimu wawili wa shule ya msingi, hata askari mmoja aliyekuwa zamu upande wa gati. Wote wakakaa, wakala.

Mheshimiwa Ngwali alikuja mbio akainama sikioni mwa Mzee Subeti, akanong'ona kwa ukali ainuke haraka apite. Mzee aliinua macho, mdomo umejaa, akamwona mtu anayepita.

"Karibu, Mheshimiwa."

"Starehe," akajibu Mheshimiwa Ngwali, na akapita.

Lilimtoka lenyewe. Alikuwa mtoto wa pwani ile, wa mtaa wa nyuma ya msikiti, na mama yake alimlea vizuri kabla Serikali haijampata. Aliondoka hatua kumi ndipo akatambua alichofanya, na kwa kuwa alikuwa mbele ya kamera, akaendelea kutembea mpaka kwenye gari.

Kamanda wa ulinzi aliisogelea nguzo kutafuta kifungu cha kuwaondolea watu wale. Akaisoma karatasi. Akaisoma tena, akavua kofia, akampigia Mzee Subeti saluti isiyo na uhakika, akarudi mahali pake. Kuirekebisha sheria kungehitaji Mtukufu mwenyewe atoe neno, na neno la mwisho la Mtukufu lilikuwa "Karibu."

Naye Mtukufu alikuwa akisogea. Alisogea kidogo mwanamke wa pili alipokaa, akasogea tena wa tatu alipokaa, mpaka benchi likamwishia akajikuta amesimama. Aliitazama sahani. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha pweza, naye Mzee Subeti akakichukua, akakitafuna taratibu, akalamba kidole. Mpiga picha, kwa mazoea, akamwomba Mtukufu atabasamu.

Usiku ule ule redio ilitangaza kwamba Siku ya Kula Pamoja, iliyoandaliwa na Serikali kwa muda mrefu na kwa siri ili wananchi wasiharibu mshangao, imefana kupita matarajio. Hakuna aliyepelekwa kijisiwa cha nne. Huwezi kumfunga mtu kwa jambo lililofana. Baadaye walijaribu kuandika sheria mpya itakayosema wazi kwamba "mtu yeyote" ni mtu mmoja tu, lakini ingebidi atajwe, na jina halitajwi. Kamati iliyoundwa kutatua suala hilo bado inakutana. Haikutani tena pwani, inajiletea chakula chake kutoka nyumbani, na huko Kilima cha Popo kituo cha kisasa kimefunguliwa rasmi kwa ajili ya popo.

Bi Kazija ameitumia ile kamba nyekundu kuanikia pweza. Mteja wake wa kwanza siku hizi ni Mzee Subeti, ambaye anakaa pale pale kila adhuhuri kwa mujibu wa sheria na hataki kuhama hata jua likimpiga. Barabara ya juu magari ya wizara hupita na vioo vyeusi yakielekea mjini. Mzee akiyaona huinua mkono wenye tonge, na banda lote huinua pamoja naye.

"Karibu," humwambia kila mmoja.

Magari huongeza mwendo. Hata starehe hayajibu.